Jicho, nyoka na Haki asiyefungwa macho: je, ni alama za giza?

*"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mchoraji wa penseli, nimejifunza mwenyewe. Wakili mmoja hapa Tanga ameniomba nimchoree picha ya Haki aitundike ofisini kwake, ile ya 'kizamani ya Kizungu'. Nikaingia mtandaoni nikakuta picha za Wafaransa za miaka ya 1790 na 1800, nikazipenda mno, ila sizielewi. Kuna jicho ndani ya pembetatu, nyoka anayejiuma mkia, kofia nyekundu juu ya mkuki, fimbo zilizofungwa pamoja na shoka, na watu uchi. Kwenye picha moja ya mchoraji wao Prud'hon, Haki hana hata kitambaa machoni. Nimechukua hiki na kile nikapata rasimu hii ninayokutumia. Baba mdogo alipoiona alisema hizo ni alama za Freemason, nichane. Rafiki yangu anasema kipo kitabu chenye maana ya kila alama, nikitafute nikikariri kabla ya kuendelea. Nishike la nani? Na je, naweza kuwa naingiza kitu kibaya ofisini mwa watu bila kujua?"*

Marahaba, mwanangu. Usichane. Rasimu yako nimekaa nayo siku tatu na nitairudia hapo chini, maana ndani yake kuna mambo mazuri na moja la kurekebisha.

Kwanza nikuambie nilivyokuelewa. Unaniuliza alama hizi zina maana gani, lakini kinachokunyima usingizi ni kama alama inaweza kusema jambo ambalo mchoraji hakulikusudia. Hilo ni swali zito kuliko la kwanza, na nitalijibu, ila njia yake inapitia kwenye alama zenyewe.

Baba mdogo na rafiki yako wanaonekana kupingana, lakini wanaamini jambo moja: kwamba maana imo ndani ya alama kama kokwa ndani ya embe. Kwa baba mdogo kokwa hilo ni sumu, kwa rafiki yako kokwa limeandikwa kitabuni. Waliochora picha ulizozipenda hawakufanya kazi hivyo. Kwao alama ilipata maana kutokana na aliyeishika, alivyoishika, na kilichokuwa karibu nayo. Ukiing'oa hapo, unabaki na kitu tu: kamba, kofia, nyoka.

Kitabu anachokisema rafiki yako kipo kweli. Mwitaliano Cesare Ripa alikitoa Roma mwaka 1593, na toleo la mwaka 1603 likawekewa picha. Kimepangwa kwa herufi, fadhila na maovu, majira na sanaa, kila dhana imepewa umbo la mtu na vitu vyake. Wachoraji wa Ulaya walikitumia kwa karibu miaka mia mbili. Lakini ukikifungua utaona kuwa Haki aliyemo si mmoja, wapo kadhaa, na kila mmoja ana mavazi na vitu vyake. Uhuru ni mwanamke mwenye nguo nyeupe, fimbo ya enzi na kofia, na miguuni pake ana paka, kwa sababu paka hakubali kufungiwa. Sasa niambie, ni wangapi kati ya wateja wa wakili wako watamwona paka na kufikiria uhuru? Kitabu kile ni msaada wa kusoma kazi za wakati ule. Hakiwezi kukuchorea picha ya leo.

Picha ulizozikuta ni za mtindo tunaouita uklasiki mpya. Ulishika Ulaya kuanzia katikati ya karne ya 18, watu walipokuwa wanaifukua miji ya Herculaneum, kuanzia 1738, na Pompeii, kuanzia 1748, iliyokuwa imefunikwa na mlima Vesuvius tangu mwaka 79. Mjerumani Winckelmann aliandika mwaka 1755 kwamba ubora wa sanaa ya Wagiriki ulikuwa katika usahili wenye hadhi na ukuu mtulivu, na maneno hayo yakawa kama dira. Vitambaa vya kupeperuka, malaika wanene na mawingu ya waridi vikaanza kupungua. Ukaja mstari safi, mwili uliosimama imara, na vitu vichache vyenye kazi. Ndiyo maana katika michoro hii kila kitu kinaonekana kuwa na neno la kusema. Vimebaki vichache, na kila kimoja kimebeba mzigo.

Tuanze na nyoka, maana ndiye anayetisha watu. Katika sanaa ya wakati ule nyoka yupo kwa sura nyingi. Akijiuma mkia akafanya duara, ni umilele, kitu kisicho na mwanzo wala mwisho. Akiwa mkononi mwa mwanamke anayejitazama kwenye kioo, ni Busara, na Wakristo waliliunganisha hilo na maneno ya Injili ya Mathayo kuhusu kuwa na busara kama nyoka. Akiwa mmoja amejizungusha kwenye fimbo, ni tiba, na huyo umeshamwona kwenye mabango ya maduka ya dawa. Wakiwa wawili kwenye fimbo yenye mabawa, hiyo ni fimbo ya Mercury, mungu wa Kirumi wa biashara na wasafiri, ingawa hata hospitali nyingi huikosea zikaiweka mahali pa ile ya tiba. Na akikanyagwa na mguu wa mtu, ni uovu ulioshindwa. Mnyama ni yuleyule. Kilichobadilika ni mahali alipo na anachofanya. Kwenye rasimu yako umemweka chini ya miguu ya Haki huku akijiuma mkia, kwa hiyo umeandika mambo mawili yanayogombana: umilele, na umilele unaokanyagwa.

Sasa jicho. Picha uliyoichukulia ni bango la Tamko la Haki za Binadamu na Raia, tamko la Mapinduzi ya Ufaransa, lililochorwa na Le Barbier karibu na mwaka 1789. Sasa liko jumba la makumbusho la Carnavalet, Paris. Litazame tena polepole. Maandishi yamepangwa juu ya mabamba mawili kama ya mawe, na kila Mfaransa wa siku ile aliyekuwa amepita kanisani aliyatambua mara moja: ni mabamba ya Musa. Juu upande mmoja ameketi mwanamke mwenye taji, ndiye Ufaransa, na mikononi ana minyororo iliyokatika. Upande wa pili kuna mwenye mabawa, ndiye Sheria. Angalia mikono yake. Mmoja umeshika fimbo ya enzi unaielekeza kwenye jicho lenye miale, mwingine unaonyesha maandishi. Mikono hiyo miwili ndiyo sentensi nzima: nuru inashuka kutoka juu, inapitia kwa Sheria, inafika kwenye maneno. Ukilikata jicho ukalibandika peke yake juu ya karatasi, kama ulivyofanya wewe, sentensi imevunjika na limebaki neno moja likielea.

Je, jicho hilo ni la Freemason? Nikujibu bila kupindisha. Jicho ndani ya pembetatu lilikuwa makanisani mwa Wakristo kabla ya chama hicho kujipanga kwa muundo wake wa kisasa London mwaka 1717. Pembetatu ni Utatu Mtakatifu, jicho ni Mungu anayeona yote. Wamarekani waliliweka kwenye muhuri wa taifa lao mwaka 1782, na kwenye noti ya dola moja mwaka 1935, na nadhani huko ndiko baba mdogo alikokutana nalo. Freemason nao walilitumia, kama walivyotumia bikari na pimamraba za waashi. Ni kweli pia kwamba baadhi ya wasanii wa Paris walikuwa wanachama. Mchongaji Houdon alikuwemo kwenye tawi lililoitwa Dada Tisa. Kwa hiyo baba mdogo hajatunga kitu kutoka hewani. Alichokosea ni kudhani kuwa aliyeazima kitu ndiye mwenye nacho. Msalaba uko makaburini, uko kwenye bendera za nchi, uko kwenye magari ya wagonjwa. Hatuwezi kusema wote waliouweka wamekubaliana jambo moja.

Kofia nyekundu ina historia ninayoipenda, na pia inaniuma. Roma ya kale, mtumwa aliyeachiwa huru alivalishwa kofia ya sufi isiyo na ukingo. Kofia nyingine, ile ya Frigia yenye ncha iliyoinama mbele, Wagiriki na Warumi waliichora vichwani mwa watu wa mashariki, wala haikuwa na habari ya uhuru. Wafaransa wa karne ya 18 walizichanganya mbili hizi, wakachukua maana ya ile ya kwanza wakaivika umbo la ile ya pili. Kosa la wasomi likageuka alama ya taifa zima, na leo hakuna anayeweza kulirudisha nyuma.

Kinachoniuma ni hiki. Wewe uko Tanga, na pwani yako imo katika hadithi hii. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa wa kupatiwa watu 1,000 kila mwaka, wapelekwe utumwani kwenye mashamba ya Île de France, ndiyo Mauritius ya leo. Miaka 13 baadaye Paris ikamchora Ufaransa akiwa na minyororo iliyokatika mikononi. Minyororo ile haikuwa ya watu wa Kilwa. Amri ya kukomesha utumwa ilitoka Paris tarehe 4 Februari 1794, walowezi wa Île de France wakaikataa, na mwaka 1802 Napoleon akauhalalisha utumwa tena. Nakuambia haya kwa sababu istiara ina tabia hiyo: inaonyesha jambo kwa uzuri mno hadi mtu asahau kuuliza ni nani aliyeachwa nje ya picha. Ukiniuliza ni wapi hasa penye giza katika michoro hii, nitakuonyesha hapo kabla ya kukuonyesha jicho.

Mtita wa fimbo na shoka ulibebwa na walinzi waliomtangulia kiongozi wa Kirumi. Fimbo ni adhabu, shoka ni mamlaka juu ya uhai, na Wafaransa waliongeza wazo la umoja, kwamba fimbo zilizofungwa pamoja hazivunjiki. Karne ya 20 Mussolini, mtawala wa Italia, akauchukua, na neno fashisti limetoka kwenye jina la mtita huo. Bado upo kwenye majengo mengi ya heshima Ulaya na Marekani, lakini kwenye kazi mpya mimi siuweki, na nakushauri uuache.

Kuhusu watu uchi: hapa wengi huona haya wakadhani ni uchafu. Chuoni Paris mwanafunzi alianza kwa kunakili michoro, kisha sanamu za plasta, kisha mtu hai aliyesimama bila nguo. Mwili ndio uliokuwa sarufi. Mchoraji Jacques-Louis David aliandaa picha kubwa ya Kiapo cha Uwanja wa Tenisi, cha tarehe 20 Juni 1789, wabunge wa Ufaransa walipoapa kutotawanyika hadi nchi ipate katiba, na aliwachora wabunge wale uchi kwanza ndipo awavike. Turubai aliloliacha bila kulimaliza liko Versailles, na utaona juu yake miili mitupu yenye vichwa vichache vilivyokamilika, vichwa vya watu wanaojulikana kwa majina. Alitaka kujua uzito wa kila mtu umeangukia mguu upi kabla koti halijaficha. Halafu wapo wale wanaobaki uchi hadi mwisho, kwa desturi ya Wagiriki ya kumtoa shujaa kwenye wakati wake: ukimvika suruali, umempa mwaka wa kuzaliwa. Kwa ofisi ya wakili Tanga huna haja ya kuubakisha uchi. Ila jifunze mwili ulio chini ya nguo, maana Haki yako kwa sasa ana gauni lisilo na mtu ndani.

Na kabla sijamwacha David, tafuta mchoro wake wa wino wa kiapo hicho, ule uliooneshwa mwaka 1791. Una upana wa karibu mita moja. Hakuna mwenye mabawa humo, hakuna mizani, hakuna jicho. Kuna upepo. Mapazia yanavimba kama tanga, mwavuli umepinduka juu dirishani, na nje radi inapiga juu ya kanisa la mfalme. Mbele katikati wamekumbatiana watu watatu, mtawa, padri na mchungaji wa Kiprotestanti. Yule mtawa, Dom Gerle, siku ile hakuwepo. David alimwingiza kwa sababu alihitaji kuonyesha dini zikishikana. Na pembeni kabisa kulia ameketi Martin Dauch, mtu pekee aliyekataa kuapa, mikono ameikunja kifuani. Picha nzima ni istiara, na wala hujaona alama hata moja ya kitabuni. Mimi nikifundisha huanzia kwenye mwavuli ule. Ni kitu cha kawaida kabisa, mtu yeyote amewahi kupinduliwa mwavuli na upepo, na hapo unasema utawala wa kale unang'olewa.

Picha ile haikumalizika kwa sababu siasa zilikimbia kuliko brashi. Bailly, aliyesimama juu ya meza katikati akisoma kiapo, alikatwa kichwa mwaka 1793. Wengine waliomo walifuata. Wakili wako akikuomba umpe Haki sura ya mkewe au ya jaji fulani anayemheshimu, mkumbushe hilo kwa upole.

Sasa tufike kwa Prud'hon, maana swali lako la kitambaa ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Hukulikuta kwenye kitabu, umeliona kwa macho yako.

Kitambaa cha machoni hakikuzaliwa kama sifa. Miungu wa haki wa Wagiriki na Warumi waliona. Picha ya mwanzo inayojulikana sana ni ya mwaka 1494, mchongo wa mbao katika kitabu cha kejeli cha Sebastian Brant kilichochapwa Basel, na humo mjinga ndiye anayemfunga Haki macho kutoka nyuma. Ilikuwa lawama: mahakama zimepofushwa, watu wanashtakiana ovyo. Karne iliyofuata watu wakaigeuza kuwa sifa, kwamba Haki hatazami sura ya mtu. Alama ikahama kutoka tusi hadi heshima, na kitambaa chenyewe hakijabadilika hata uzi.

Prud'hon aliombwa na mkuu wa jimbo la Seine, Frochot, achore picha ya chumba cha mahakama ya jinai Paris. Wazo lake la kwanza lilikuwa la kitabuni: Haki amekaa kwenye kiti cha enzi, wahalifu wanaburutwa mbele yake. Akaliacha. Nafikiri alifanya hivyo kwa sababu aliona kuwa mtu aliyekaa na vitu vyake mkononi anaeleza tu, hatendi. Akachora upya. Usiku, mbalamwezi, mahali penye mawe pasipo na watu. Kijana aliyeuawa amelala chali, mikono imetanuka, mwili mweupe kwa mwezi. Muuaji anaondoka na jambia lake, kichwa amekigeuza nyuma. Anatazama chini, kwa maiti. Hatazami juu. Na juu yake, karibu kabisa kumfikia, wanakuja wawili wenye mabawa: Kisasi na mwenge wake ameshanyoosha mkono, na Haki anamfuata na upanga. Picha ya rangi ilioneshwa mwaka 1808 na sasa iko jumba la makumbusho la Louvre, Paris.

Fikiria aliyekaa kizimbani akiitazama. Haki akifungwa macho hapo, picha inakufa, kwa sababu hofu yote imesimama juu ya jambo moja: muuaji anadhani haonekani, na Haki anaona gizani. Kitambaa kingekuwa sahihi kwa kitabu na kosa kwa picha hii. Ndiyo maana nakuambia usikariri.

Na angalia jinsi nuru inavyofanya kazi ambayo vitu vingefanya. Prud'hon alichora kwa chaki nyeusi na nyeupe juu ya karatasi ya buluu. Karatasi yenyewe ni mwanga wa kati. Chaki nyeusi inashusha, nyeupe inapandisha, na pale alipoacha wazi ngozi inatokea yenyewe bila kuguswa. Mistari yake inazunguka na mwili, kisha anaisugua hadi inayeyuka. Karatasi nyingi za namna hiyo zimepauka kwa miaka mingi ya mwanga, leo zinaonekana za kijivu au za kahawia, kwa hiyo usishangae ukiona picha zake mtandaoni hazina ubuluu. Jaribu mwenyewe: chana bahasha kubwa ya kaki, chukua mkaa wa kuchorea na chaki nyeupe, chora ngumi yako ikiwa karibu na taa moja tu. Jioni moja inatosha kukuonyesha ninachosema. Ila kaki ni ya mazoezi. Inabadilika rangi na kukatika, usimpe mteja.

Turudi kwenye rasimu yako. Nimehesabu vitu tisa: mizani, upanga, jicho, nyoka, kofia, mkuki, mtita, kitabu na njiwa. Fanya hivi. Kata vipande vya karatasi, vifunike vyote tisa, kisha mtazame mwanamke aliyebaki. Kwa Prud'hon ukifunika upanga bado unaona anayefukuza na anayefukuzwa. Kwako anabaki mwanamke aliyesimama wima, magoti yamekakamaa, anatazama mbele bila kumwona mtu. Mkono wa mizani umeishika kama mfuko wa sokoni, uzito wote umeshuka begani. Anayepima kwa uangalifu hashiki hivyo. Muombe muuza dhahabu mmoja akuruhusu umtazame akipima: kiwiko kinabanwa karibu na mbavu, shingo inainama kidogo, pumzi inasimama. Hapo ndipo Haki alipo. Uso wake lakini umeupata. Umempa utulivu bila ukali, na huo sikufundishi, usiuguse.

Una njia tatu mbele yako. Ya kwanza ni kunakili kazi moja ya zamani kama ilivyo, na chini ukaandika kuwa umenakili na kutoka kwa nani. Hiyo ni halali, na ni shule kubwa kwa mkono. Lakini picha ya Prud'hon ilitengenezwa kumtisha mshtakiwa wa mauaji. Mama anayekuja kwa wakili wako na kesi ya mirathi au mpaka wa shamba hastahili kukaribishwa na maiti. Ya pili ni kubaki na mwili na utulivu wa mtindo huu, na vitu viwili au vitatu tu. Ya tatu ni kumleta Haki nyumbani kabisa, mavazi na vitu vya hapa.

Mimi ningechukua ya pili na kuazima kidogo kwenye ya tatu. Mizani ibaki. Mizani si ya Wafaransa. Wamisri wa kale waliupimia moyo wa marehemu, imo kwenye Sura Ar-Rahman, na katika kitabu cha Danieli mfalme Belshaza anapimwa akaonekana amepungua. Upanga ningeuondoa, kwa sababu upanga ni wa anayehukumu na kutekeleza, na mteja wako ni wakili, kazi yake ni kusema na kuandika. Kitabu au hati iliyokunjwa mkononi inamfaa zaidi. Jicho la pembetatu liondoe. Na hapa ndipo jibu la swali lako zito: ndiyo, alama inaweza kusema usilolikusudia, na anayeisemesha ni mtazamaji. Hakuna kitu kitakachotambaa kutoka kwenye karatasi yako usiku. Lakini kila atakayeingia ofisini Tanga leo akaona jicho lile atafikiria alichofikiria baba mdogo, na Haki yako atakuwa amepotezewa wateja wake kabla hawajamtazama usoni.

Kwa mavazi, jaribu kanga. Wachongaji wa Kigiriki waliifanya nguo ishike mwili kama imelowa, ndipo umbo likaonekana bila kuvuliwa, na kanga iliyofungwa vizuri ina mikunjo ya namna hiyohiyo kuanzia kwapani hadi kwenye nyonga. Muombe shangazi au dada yako asimame dakika ishirini karibu na dirisha. Lakini ujihadhari na jambo moja: kanga ina jina. Ukiliandika, kila mtu wa pwani atasoma jina kwanza na kuanza kuuliza Haki anamsema nani. Chora pindo, jina lifichwe na mkunjo. Na nembo ya taifa usiiweke popote kwenye picha, matumizi yake yana sheria. Mteja wako mwenyewe atakueleza vizuri kuliko mimi.

Yapo mambo ambayo barua yangu haiwezi kuyamaliza. Kabla hujatia wino, nenda ofisini kwa wakili na rasimu mbili, mtazame zote ukutani palepale zitakapokaa, kwa mwanga wa pale, na umwache aseme anachokiona kabla hujamweleza. Mwili unahitaji mtu wa kukusimamia begani: ukipata nafasi ya kozi fupi Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa cha TaSUBa, au ukifika Dar es Salaam ukapita Nafasi Art Space ukaomba kuchora pamoja na wenzako, wiki mbili za kuchora mtu hai zitakupa kitu ambacho picha za kwenye simu haziwezi kukupa. Na baba mdogo usimjibu kwa simu wala kwa kumwonyesha barua hii. Kaa naye, mpelekee rasimu mpya, umuulize anaona nini.

Ukimaliza rasimu ya pili nitumie. Ipige picha mchana karibu na dirisha, bila flashi, na unipigie karibu ule mkono wa mizani peke yake.